Binti apewe jina pamoja na kisa chake

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mkunga, kwanza Newala na baadaye Tandahimba, na mojawapo ya kazi za mkunga ni kuandika jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki. Miaka ya mwisho kabla sijastaafu nilianza kuona mabadiliko. Mama akiulizwa mtoto anaitwa nani, mkono unakwenda kwenye simu. Astrid. Ingrid. Freya. Ukimwuliza maana yake anakusomea: Astrid ni uzuri wa kimungu, Ingrid ni uzuri wa Ing, mungu wa kale wa watu wa Skandinavia. Ukimwuliza nani amempa mtoto jina hilo na kwa sababu gani, anakutazama tu.

Sina ugomvi na majina ya Skandinavia. Mimi mwenyewe naitwa Brigita, na jina hilo limetufikia kupitia Uswidi. Hoja yangu ni moja, nayo nawaambia wazazi, mabibi na makungwi wa uwanda huu wa Makonde: maana ya jina iliyosomwa kwenye orodha haimtoshi binti. Anahitaji kisa. Ajue nani alilibeba jina lake kabla yake, mtu huyo aliishije, na nani katika ukoo alilichagua. Jina lililokuja na mtu humlea mtoto.

Naanza na jina langu, maana ndilo ninalolijua toka shina hadi tawi.

Misa ya Jumapili ikiisha huku kwetu, ita "Brigita" kwa sauti pale mlangoni, hutakosa mwanamke wa kugeuka. Wapo wanaodhani majina kama haya tuliletewa na wafadhili. Ni kweli watu wa kaskazini mwa Ulaya tumekaa nao Mtwara na Lindi. Wafini walifanya mradi wa maji vijijini kuanzia miaka ya 1970, na pampu zao za mkono aina ya Nira wanawake wengi wa mikoa hii wamezisukuma. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kikiwemo cha Masasi, vilianzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa vyuo vya Uswidi. Lakini Brigita alikuwa amefika zamani, kabla ya pampu na kabla ya vyuo hivyo.

Jina lenyewe lilizaliwa Ayalandi. Kwa lugha ya kale ya huko Brigid hufasiriwa kuwa aliyetukuka, aliye juu, na kabla ya Ukristo lilikuwa jina la mungu wa kike wa ushairi, uhunzi na uganga. Baadaye likachukuliwa na Mtakatifu Brigida wa Kildare, aliyeishi karne ya 5 na ya 6. Maana hiyo ya kutukuka ndiyo maana ya jina la Kiarabu Samia. Kwa hiyo Rais wetu na mama muuza mihogo wa hapa sokoni anayeitwa Brigita, kwa maana ya majina yao, ni masomo, yaani watu wa jina moja.

Kutoka Ayalandi jina lilivuka bahari pamoja na dini likafika Skandinavia, na huko kila taifa likalitengenezea sauti yake. Waswidi wakasema Birgitta, na kwa kufupisha Britta. Wanorwe wakasema Birgit na Berit. Wadenmaki wakasema Birgitte na Birte. Mpaka leo hayo ni majina ya kawaida ya bibi na shangazi za watu wa huko. Na aliyelikuza jina hilo kuliko wote ni mwanamke mmoja wa Uswidi, ambaye habari zake kila Brigita wa Tandahimba angepaswa kusimuliwa.

Alizaliwa mwaka 1303 katika jimbo la Uppland. Baba yake, Birger Persson, alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, na binti akaitwa Birgitta Birgersdotter, yaani Birgitta binti Birger. Msomaji wa pwani na wa kusini hahitaji kufafanuliwa mfumo huo. Ni wetu sisi: jina lako, kisha la baba yako. Waswidi wa kawaida waliendelea kuitana hivyo kwa karne nyingi, mpaka sheria ya mwaka 1901 ilipoelekeza kila familia iwe na jina moja la kudumu. Watu wa Iceland hawajaacha hata leo. Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa rais, mwaka 1980, kwa lugha yetu ni Vigdís binti Finnbogi.

Birgitta aliozwa akiwa na umri wa miaka 13. Nalisema hili kwanza, kabla ya utakatifu wake, kwa sababu ndilo ninalowaambia wasichana wanaokuja kuniamkia nyumbani. Mume wake, Ulf Gudmarsson, alikuwa kijana wa miaka 18. Walizaa watoto 8. Alitumikia katika nyumba ya malkia wa Uswidi, na mwaka 1344 akafiwa na mumewe. Mjane wa cheo chake angeweza kuolewa tena au kukaa kimya. Yeye alianza kuwaandikia wafalme na mapapa, akiwakemea wanaokula jasho la wanyonge. Wakati huo mapapa walikuwa wamehama Roma wakakaa Avignon, Ufaransa. Birgitta akaenda Roma karibu na mwaka 1350, akaishi huko, akawa anawasihi warudi. Alifika hadi Yerusalemu akiwa na umri wa karibu miaka 70. Alifariki Roma tarehe 23 Julai 1373, na Papa Gregori wa 11 alirudi Roma miaka minne baadaye, 1377.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi, kama mwanamke niliyefanya kazi chini ya wakuu wengi, nalipenda sana. Birgitta alianzisha shirika la kitawa, na makao yake yakawa Vadstena, Uswidi. Katika kanuni yake masista na mapadre waliishi sehemu mbili za monasteri moja, kila upande na ukuta wake, na mkuu wa nyumba nzima katika mambo ya mali na uendeshaji alikuwa mwanamke. Hiyo ni karne ya 14. Mwaka 1391 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtaja kuwa mmoja wa wasimamizi wa Ulaya.

Sasa, kutoka Vadstena jina lilifikaje juu ya uwanda huu wenye mikorosho na mihogo? Njia ilipita Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mji wa Altomünster ulikuwa na monasteri ya masista wa Birgitta tangu mwishoni mwa karne ya 15, nayo ilifungwa juzi juzi tu, mwaka 2017. Bavaria hiyo hiyo ndiko walikotoka Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, shirika lililoanzishwa na Andreas Amrhein mwaka 1884. Wamisionari wake walifika Pugu 1888. Kwetu kusini walifungua Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao. Vita vya Majimaji vya 1905 vikachoma misheni zao, na mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda, chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, penye maji. Wale mapadre na masista walikuja na majina ya shangazi na dada zao, na kila aliyebatizwa aligawiwa moja.

Hapo ndipo anapoingia bibi yangu mzaa mama.

Alikuwa msichana aliyekwisha kuchezwa unyago alipopata buba. Vijana wa leo hawaijui buba, na nashukuru kwamba hawaijui: ni vidonda vinavyokula ngozi mpaka mtu hawezi kukanyaga. Ilikuwa miaka ya 1930, na habari zilikuwa zimeenea kuwa Ndanda kuna sindano inayokausha buba. Mjomba wake, aliyekuwa ndiye mwenye kauli juu yake kama ilivyo desturi yetu ya kufuata ukoo wa mama, alimchukua. Sehemu alitembea, sehemu alibebwa, wakashuka ule mteremko wakafika. Wakati huo hospitali ya Ndanda ilikuwa na daktari mwanamke, Sista Thekla Stinnesbeck, ambaye wazee wa kwetu walimtaja mpaka walipokufa. Bibi alitibiwa, akapona, akabaki kufundishwa katekisimu. Siku ya ubatizo wake iliangukia tarehe 8 Oktoba, ambayo kabla ya kalenda ya kanisa kubadilishwa mwaka 1969 ilikuwa sikukuu ya Birgitta wa Uswidi. Siku hizi sikukuu hiyo ni tarehe 23 Julai. Sista aliyeshika daftari akamwandika Brigita, akamsimulia habari za mjane aliyewaandikia mapapa.

Bibi alirudi uwandani na jina lake la tatu. La kwanza lilikuwa la kuzaliwa, la pili alipewa unyagoni. Hayo mawili sitayaandika gazetini, kwa sababu kwetu mtu akishatoka unyagoni au jandoni haitwi tena kwa jina la utotoni, na kumwita hivyo mbele za watu ni kumvunjia heshima. Nataka msomaji aone tu kwamba jina la Kiswidi halikukuta pengo. Lilikuta desturi iliyokwisha kujua kuwa mtu hukua na jina lake hukua naye. Hata wamisionari wa Kianglikana wa Masasi waliliona hilo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wao tangu 1926 hadi 1944, alichagua kuiingiza jando ndani ya kanisa badala ya kuipiga vita.

Bibi alizaa, akafiwa na mume mapema kama Birgitta, akakataa kurithiwa, akalima mwenyewe. Nilipozaliwa, yeye ndiye aliyesema: "Huyu ni mimi." Akanikabidhi jina lake. Na hakunikabidhi likiwa tupu. Usiku, tukimenya mihogo ya kukausha, alikuwa ananihoji: Brigita wa kwanza alikuwa wa nchi gani? Aliandikia nani barua? Alifika mji gani akiwa mzee? Nilijibu kama mtoto wa madrasa anavyojibu mwalimu wake. Baada ya hapo ndipo alipokuwa ananieleza habari za buba, za mjomba wake, za sindano. Visa vyote viwili vilikuwa vya jina moja, na mimi nilikua nikiamini kwamba mwanamke anaitwa Brigita ili atembee mbali na aseme kweli. Nilipochaguliwa kwenda kusomea ukunga na baadhi ya watu wa ukoo wakasema msichana asiende mbali, bibi aliwajibu kwa swali: "Mlifikiri nimempa jina la nani?"

Hicho ndicho ninachokidai kwa kila binti. Huku kusini somo ni mwanamke anayemsimamia mwali unyagoni. Kwa Wakatoliki somo ni mtakatifu uliyepewa jina lake. Mtaani somo wako ni yule mnayeitwa jina moja. Popote pale somo ni mtu mwenye uso na mwenendo, na mtoto anaweza kumfuata. Tafsiri ya maneno mawili kwenye simu haina uso.

Wengi wa ndugu zangu wa Tandahimba ni Waislamu, na ushahidi wangu wa nguvu kabisa uko kwao. Mkunga yeyote atashangaa akijua kuwa Khadija, kwa Kiarabu, ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Nimewapokea watoto wa namna hiyo mikononi mwangu, na najua hofu ya mama zao. Hakuna mzazi anayemwita binti yake Hadija kwa kumtakia hali hiyo. Anamwita hivyo kwa ajili ya Bi Khadija wa Makka, mfanyabiashara mwenye mali yake, aliyemwamini Mtume kabla ya watu wengine wote. Kamusi inasema jambo moja, maisha ya mwenye jina yamesema jingine, na maisha ndiyo yaliyoshinda. Binti anayeitwa Hadija halafu hajasimuliwa habari za biashara ya Bi Khadija amenyimwa urithi wake.

Ndivyo ilivyo pia kwa jina jingine la Kiswidi ambalo Watanzania wengi tunalijua. Barbro ni Barbara kwa Kiswidi, na asili ya Barbara ni neno la Kigiriki la kumtaja mgeni, mtu asiyejua lugha yetu. Barbro Johansson alizaliwa Malmö mwaka 1912, akaja Tanganyika mwaka 1946, akafundisha wasichana Kashasha, Bukoba. Mwaka 1959, kwa kuungwa mkono na TANU, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Akachukua uraia wa nchi hii, akaongoza Shule ya Wasichana Tabora, na watu wakamwita Mama Barbro mpaka alipofariki mwaka 1999. Leo ipo shule ya sekondari ya wasichana jijini Dar es Salaam yenye jina lake. Jina lenye maana ya mgeni limeandikwa kwenye lango la shule ya Kitanzania, na wanafunzi wanaopita hapo wanajua ni la mtu aliyekataa kubaki mgeni.

Ninajua jibu la baadhi ya wasomaji. Watasema majina ya kigeni ni mabaki ya kutawaliwa, tuyaache yote turudi kwetu. Nawaheshimu, na sehemu ya hoja yao naikubali. Zamani padre alitakiwa na sheria ya kanisa ya mwaka 1917 ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na kwetu hilo lilifanya majina mengi ya ukoo yafichwe ndani ya nyumba. Lakini sheria mpya ya mwaka 1983 inataka tu jina lisipingane na imani. Miaka yote hiyo imepita na bado Wakatoliki wengi hawajaambiwa kwamba wanaweza kumbatiza binti kwa jina la bibi yake wa Kimakonde. Waambiwe. Mapadre wetu walitangaze hilo altareni.

Lakini kulazimisha watu waache majina waliyoyazoea hakujawahi kutengeneza kitu. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu, huko Zaire, uliwaamuru raia waache majina ya ubatizo, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Shinikizo lilipolegea wengi wakayarudia. Jina la bibi yangu lilikuwa la Kiayalandi, likawa la Kiswidi, likawa la Kijerumani, na kwa miaka tisini sasa ni la ukoo wetu. Ukilifuta, unamfuta mjomba aliyembeba mpwa wake mpaka Ndanda.

Kukosa kisa kuna gharama, na gharama nyingine ni za fedha taslimu. Jirani yangu mmoja mjane, naye Brigita, alifika kwangu na bahasha ya karatasi zake tukazitandaza mkekani. Cheti cha ubatizo kilisema Brigita. Kitambulisho kilisema Brigitha. Kadi ya benki ilisema Brijita. Korosho zake zilikuwa zimepimwa, mnada umefanyika, wenzake wamelipwa, na malipo yake yamekwama kwa sababu jina kwenye orodha ya chama chake cha msingi halikulingana na la kwenye akaunti. Akalazimika kupanda gari, kumlipa wakili, kuapa hati ya kiapo kwamba wanawake hao watatu ni yeye mmoja. Mwenyewe aliniambia: "Dada, kila aliyeandika alisikia kwa sikio lake. Hakuna aliyeniuliza." Nami nilipomwuliza kama anajua asili ya jina lake, alijibu kuwa aliambiwa ni la kanisani, basi. Mtu anayejua jina lake limetoka wapi hulisimamia linavyoandikwa. Angemwambia karani: liandike hivi, ndivyo alivyoandikwa somo wangu.

Gharama nyingine ni kubwa kuliko fedha. Nimezalisha wasichana ambao miili yao ilikuwa bado ya kitoto. Wengine walikuwa wanaitwa Brigita, wengine Hadija, wengine Sikudhani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hukumu ni jambo kubwa, lakini kabla ya hukumu kumfikia msichana wa Michenjele au Litehu, sauti ya bibi yake inamfikia. Ninaposimulia kwamba Birgitta aliozwa na miaka 13, nawauliza: angepewa muda wa kukua na kusoma, angeandika barua ngapi zaidi? Wasichana wanajibu wenyewe. Hakuna somo la darasani lililowahi kunipa majibu ya uwazi kama hayo, kwa sababu wanamzungumzia mwenye jina lao.

Basi nina mambo manne ya kuomba, na yote yanawezekana bila bajeti ya mtu.

Kwanza, wakunga na wauguzi wenzangu. Siku hizi mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupata cheti chake kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Kabla kalamu haijagusa karatasi, mwulize mama: jina linaandikwaje, na ni la nani? Swali hilo huchukua dakika moja. Mama asiye na jibu mpe muda akaulize nyumbani.

Pili, walimu wa shule za msingi. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuandika insha fupi juu ya jina lake kwa kumhoji bibi au babu. Atajifunza kuhoji, kuandika na kuusikiliza ukoo wake kwa kazi moja.

Tatu, makungwi na masomo. Likizo ya Desemba ikija wali huwekwa ndani. Mnawafundisha usafi, adabu na heshima. Ongezeni kisa cha jina. Mwali anayepewa jina jipya aambiwe alilibeba nani katika ukoo, na aliyebaki na la zamani asimuliwe la zamani.

Nne, masheikh kwenye akika na mapadre kwenye ubatizo. Simulieni habari za mwenye jina mbele ya watu wote waliokusanyika. Hata wajomba na mashangazi walio nyuma wanahitaji kuzisikia.

Kwa mama kijana mwenye simu mkononi nina neno la mwisho, na nalisema kwa upendo. Ukilipenda jina Astrid, mpe mwanao. Lakini mtafutie kwanza Astrid mmoja. Ukitafuta utamkuta Astrid Lindgren wa Uswidi, aliyeandika vitabu vya watoto na kupinga hadharani watoto kupigwa, na mwaka 1979 nchi yake ikawa ya kwanza duniani kupiga marufuku adhabu ya viboko kwa watoto, hata nyumbani. Huyo ni somo mzuri. Mkariri, kisha mwite mwanao. Au mwangalie mama yako aliyeketi pembeni ya kitanda cha wodi na chupa ya uji, mwulize aliitwaje na kwa nini. Ukishapata kisa kimoja unachoweza kumsimulia binti yako mpaka akikariri, jina umeshapata, liwe la Kimakonde, la Kiarabu au la Kiswidi. Kama hukipati, usiliandike kwenye kadi bado.